Kusini si tembo peke yake

Utalii wa Kusini ukitajwa, mazungumzo hukimbilia tembo wa Selous na magofu ya Kilwa. Kiegei na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa hukumbukwa msimu wa korosho na ufuta, basi. Lakini misitu ya ukanda huu ina mengi ya kumwonyesha mtembea kwa miguu asiye na haraka. Katika misitu ya pwani ya Tanzania huota Ansellia africana, okidi inayokaa juu ya matawi, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Humo pia hutambaa Vanilla roscheri, isiyo na majani, ndugu wa vanila inayolimwa Kagera. Na Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi humuhumu, umempa jina komba mdogo kabisa, mwenye uzito wa gramu 60 hivi.

Watasema mgeni hafungi safari kwa ajili ya maua. Mbona Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua hasa? Hoja nzito zaidi ni kwamba ukionyesha okidi, umemwelekeza mwizi. Hapo Kitulo inafundisha kinyume: viazi vya okidi vilichimbwa na kuvushwa hadi Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, na wachimbaji hawakuhitaji mtalii wa kuwaonyesha njia. Kilichokosekana ni macho ya wengine.

Mkulima naye anadai ardhi, na dai lake ni la haki. Ila Nachingwea inajua kufyeka kwa pupa kunavyoishia: mradi wa karanga wa Waingereza uliong'oa misitu kuanzia 1947 ulikufa 1951. Shamba likishindwa, okidi hairudi upesi. Mbegu yake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, haioti bila kuvu maalumu, na mti unaoibeba ukigeuzwa mkaa nayo imekwisha.

Kwa hiyo halmashauri zisisubiri hoteli wala barabara ya lami. Zianze na orodha ya mimea ya misitu ya vijiji, iandikwe na vijana wa hukohuko pamoja na wazee wanaojua majina ya Kimwera, kisha vijana haohao ndio wawe waongozaji wa wageni.