Fahamu: Kwa nini filamu hukwama chumbani ilhali sebuleni inakwenda vizuri?

Mara nyingi kosa si la kifurushi cha intaneti. Filamu ya 4K huhitaji takriban megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde, na muziki wa kawaida hauhitaji hata megabiti 1. Tatizo ni ukuta. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yana kasi, lakini hudhoofika sana yanapopenya zege na nondo. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila husongamana na ya majirani.

Kama bado unajenga, pitisha waya wa mtandao ndani ya mabomba kabla fundi hajapiga lipu. Waya wa Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Kwa televisheni isiyohama, naupendekeza bila kusita.

Nyumba iliyokwisha kamilika? Vipo vifaa vinavyopitisha data kwenye nyaya za umeme. Vichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni. Ukichagua vituo vya ziada vya Wi-Fi, viweke pale mawimbi yanapoanza kupungua, si ndani ya chumba chenye tatizo.

Spika zinazopiga wimbo mmoja vyumba vyote hazidai kasi kubwa. Zinadai data ifike kwa wakati, la sivyo za jikoni na za sebuleni zitapishana.