Lugha ya ujenzi sharti imwelee fundi

Hivi majuzi jirani yangu aliniita nyumbani kwake niwe mwamuzi kati yake na fundi. Alikuwa amenunua vipande vya marumaru vya kuzungushia ukuta wa chumba cha kulia, vile vyembamba vyenye mgongo wa mviringo ambavyo wenye nyumba wengi mijini wameanza kuvipenda. Fundi alikuwa amevibandika kwa ustadi usio na dosari. Viungio vilikuwa vyembamba, na pimamaji ilipowekwa juu yake haikuyumba hata kidogo. Kosa lilikuwa moja tu: mkanda huo ulikuwa sentimita 120 kutoka sakafuni, ilhali mwenye nyumba aliutaka kwenye sentimita 85. Kwa sababu hiyo alikataa katakata kumlipa fundi hata senti moja.

Niliomba nionyeshwe maagizo aliyopewa fundi. Yalikuwa mstari mmoja wa Kiingereza, uliomtaka aweke "reli ya kiti" ya marumaru kuzunguka chumba. Kipimo hakikuwako. Nilipomgeukia fundi, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi nilidhani ni boda, kama ile tunayoweka bafuni."

Je, msomaji, mwenye hatia hapo ni nani?

Ni kweli kwamba mkanda huo una kazi yake maalumu. Uliwekwa ukutani zamani ili egemeo la kiti lisikwaruze lipu kila mtu anaposukuma kiti nyuma na kuinuka. Ndiyo maana huwekwa sentimita 80 hadi 90 kutoka chini, takriban thuluthi moja ya kimo cha ukuta wa kawaida. Ukipandishwa zaidi ya hapo, hubaki pambo tu. Aliyeelezwa kazi hiyo hawezi kukosea kimo, hata asipopewa kipimo. Lakini aliyetupiwa jina la kigeni pasipo maelezo atajua vipi?

Wako watakaodai kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi, na kwamba mambo ya ujenzi wa kisasa hayasemeki ila kwa Kiingereza. Dai hilo halina mashiko. Tuanze na jiwe lenyewe. Neno marumaru tulilipata kwa Kiarabu, marmar, nalo lina nasaba na neno la Kiyunani, marmaros, ambalo kupitia Kilatini na Kifaransa ndilo lililozaa jina la jiwe hilo katika Kiingereza. Waingereza waliazima kama tulivyoazima sisi, na hakuna aliyewaambia kwamba lugha yao haifai kujengea nyumba.

Fauka ya hayo, Waswahili walikuwa na msamiati wa nyumba karne nyingi kabla ya katoni za vigae kufika madukani. Nenda Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, uingie katika nyumba ya kale ya mawe. Utapokewa kwenye daka, utapita kiwanda, utaingia msana, kisha ndani, na kila sehemu ina jina lake. Ukutani utakuta zidaka, kama wanavyosema Waamu, yaani vidaka, safu kwa safu, vilivyopambwa kwa chokaa iliyochongwa. Na jambo la kutia moyo ni kwamba matumbawe ya kuta hizo, chokaa iliyozipamba na marumaru ya jirani yangu, kwa asili yake, ni kitu kimoja, yaani kalisi kaboneti. Mafundi wa Lamu walikuwa wakipamba kuta kwa ndugu wa marumaru, nao walielewana kwa lugha yao wenyewe.

Tatizo letu basi si umaskini wa lugha. Ni mazoea yetu ya kuandika kwa lugha moja na kujenga kwa nyingine. Michoro ni ya Kiingereza, makubaliano ni ya Kiingereza, hata maelezo yaliyobandikwa kwenye katoni ni ya Kiingereza, hali anayeshika mwiko huongea na wenzake kwa Kiswahili kutwa nzima. Katoni ile ya jirani yangu ilionya kwamba marumaru isisafishwe kwa siki wala ndimu, kwa kuwa asidi huila na kuifisha mng'aro wake. Kijana anayesafisha nyumba hiyo hakuwahi kuambiwa. Aidha ilishauri kwamba marumaru nyeupe ibandikwe kwa saruji nyeupe, maana ile ya kijivu huweza kupenya na kuacha madoa. Kwa bahati njema fundi alilijua hilo kwa uzoefu wake, wala hakulisoma popote.

Leo ni mkanda wa marumaru, na hasara yake ni ya macho na mfuko. Kesho itakuwa ni vyuma vya nguzo au kadiri ya mchanga kwa saruji, na hapo hasara itakuwa ya roho za watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa na maana gani ikiwa haufiki mahali pa kazi, palipo na jasho na mshahara wa mtu? Vyuo vya ufundi vifundishe majina ya vitu kwa lugha zote mbili. Sisi wanaisimu nasi tuache kuunda istilahi tukiwa tumejifungia ofisini. Siku ile nilimwuliza fundi angekiitaje kitu kile. Alijibu bila kusita, "Mkanda wa viti." Sijaona sababu ya kulitafuta jina jingine.

Mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Aandike kwa Kiswahili anachotaka, kazi yake ni ipi, na kimo chake ni sentimita ngapi. Asipojua jina, aulize; kuuliza si ujinga.

Uamuzi wangu ulikuwa kwamba fundi alipwe ujira wake wote. Jirani yangu alinung'unika, lakini akalipa. Marumaru hazikubanduliwa, kwani nyingi zingevunjika. Zingali pale juu ziking'aa, na chini yake viti vinaendelea kukwaruza lipu.