Lumbesa Itakutoa Jasho Mizani

Mshikaji uliyejibana mpaka ukapata Fuso yako moja, usidanganyike na hesabu ya magunia. Mizani inapima kilo!

Tajiri wa mahindi anakwambia magunia 80, kilo mia mia, tani 8 tu. Kumbe yamejazwa lumbesa. Kila gunia likizidi kilo 20, umebeba tani 1.6 za bure, nauli ileile. Ukifika mizani ya Vigwaza yeye yuko zake Tandale anakunywa chai. Faini juu yako, na mzigo uliozidi unashushwa.

Linaloumiza zaidi ni ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki, iliyoanza kubana Tanzania mwaka 2019, inaipa gari ya ekseli mbili tani 8 mbele na 10 nyuma kwenye tairi pacha. Sasa jumla yako inaweza kuwa 15 tu, chini kabisa ya 18, na bado ukanaswa kwa sababu utingo kalundika kila kitu nyuma. (Utingo wengine bwana!) Simamia mwenyewe upakiaji, mzigo usogee mbele.

Na kabla ya safari, andikishaneni: magunia yapimwe, yakizidi tajiri akurudishie faini. Akigoma kupima, mwache atafute gari nyingine.