Baada ya Sauti Kunyamaza

Mvuvi wa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, hutumia kichwa kabla ya mikono. Lazima akumbuke alipotega nyavu kati ya mafunjo, ahesabu samaki wa kukausha, na ashike bei aliyopatana na mama mnunuzi huku watu wakimsemesha. Akishikwa na skizofrenia, dawa ya haloperidol inaweza kuzinyamazisha sauti anazozisikia, na ndugu wakashukuru kwamba amepona. Kisha wanaona anasahau nyavu, hesabu inampotea katikati, nao wanasema amekuwa mvivu. Hapo wanamwonea. Ni ugonjwa uleule, sehemu ambayo dawa haiigusi sana.

Daktari wa akili Emil Kraepelin aliliona tatizo hili Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, ila aliamini akili huzidi kubomoka. Siku hizi tunajua kwamba kwa wengi upungufu wa kumbukumbu na umakini hutangulia sauti zenyewe, na baadaye hauzidi sana. Mwaka 1996 mtafiti Michael Green alikusanya tafiti zilizoonyesha kuwa upungufu huo ndio unaohusiana zaidi na mtu kushindwa kazi na maisha ya kila siku.

Kuupima ni kazi nyingine. Wamarekani waliunda MATRICS, mkusanyiko wa vipimo 10, kama vile kuunganisha namba kwa penseli, kukariri orodha ya maneno, kutaja wanyama kwa dakika moja. Asiyezoea penseli atachelewa hata akiwa mzima kabisa. Kwa hiyo mvuvi alinganishwe na mvuvi mwenzake, wa umri na elimu kama yake, la sivyo tutakuwa tumepima shule tukaiita ugonjwa.

Mwenye upungufu huo anahitaji pia kuelezwa mambo kwa subira, na mfano ninaoupenda ni wa NeuroGAP-Psychosis, utafiti wa vinasaba ulioanza kuandikisha watu mwaka 2018 katika nchi nne, Kenya na Uganda zikiwamo. Kabla ya kukubali kushiriki, mtu aliulizwa maswali: utafiti huu ni wa nini? Unaweza kujitoa? Aliyekosea alielezwa upya, kisha akaulizwa tena. Kuelewa polepole hakukumnyima mtu sauti yake.

Dawa ya kutibu upungufu huu bado haijapatikana. Iclepertin, iliyotumainiwa sana, ilishindwa katika majaribio makubwa, matokeo yakatangazwa Januari 2025. Mazoezi ya akili husaidia kiasi, hasa yakiambatana na kazi halisi. Na muuguzi wa kituo cha afya asisubiri maabara: aeleze jambo moja, mgonjwa alirudie kwa maneno yake mwenyewe, ndipo lifuate la pili.