Penzi Lililokatazwa Wakati wa Vita: Kutoka Biafra hadi Fort Ternan

Riwaya ya kihistoria huziba mapengo yanayoachwa na kumbukumbu rasmi. Mapenzi ya vijana wa jinsia moja ni mojawapo ya mapengo hayo. Yakitajwa katika majalada ya kale, aghalabu hutajwa kama shtaka au dhambi, na sauti inayosikika ni ya hakimu au mhubiri. Makala haya yanaeleza jinsi mtunzi anavyoweza kulisimulia penzi la namna hiyo ndani ya vita, kisha yanaitazama Fort Ternan, wilayani Kericho ya zamani, kama mandhari ya kisa hicho.

Mfano bora barani Afrika ni Under the Udala Trees (2015), riwaya ya Chinelo Okparanta, mzaliwa wa Nigeria. Vita vya Biafra (1967-1970) vinamfisha baba yake Ijeoma, msichana Mwigbo. Mamaye, aliyelemewa na majonzi, anampeleka Nnewi kwa mwalimu mmoja. Huko anakutana na Amina, yatima Mhausa. Wanapendana, wanafumaniwa, na mama anamfunza Biblia bintiye ili amtoe katika penzi hilo.

Vita hapa vina kazi mbili. Vinawakutanisha wasichana kwa kuwatenga na jamaa zao; papo hapo vinawafanya mahasimu kwa kabila. Hata hivyo, uzito wa riwaya uko baada ya bunduki kunyamaza. Biafra inasalimu amri, lakini katazo halisalimu. Amani inawafikia wote isipokuwa wao.

Afrika Mashariki nayo imeligusa suala hili, ingawa nje ya uwanja wa vita. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alitunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi fupi "Jambula Tree". Wanuri Kahiu aliifanya msingi wa filamu Rafiki, iliyopigwa marufuku nchini Kenya Aprili 2018. Jina hilo lina fumbo: "rafiki" ni neno linaloweza kulisitiri penzi. Kinyume chake, "shoga", ambalo wanawake wa pwani huitana kwa maana ya sahibu, limegeuzwa tusi kwa wengine.

Fort Ternan ina historia inayoweza kubeba kisa kama cha Okparanta. Ni kituo kwenye reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, katika kipindi ambacho Wanandi waliupinga utawala wa Waingereza kwa silaha, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Tena, mapigano ya kikabila yaliyozuka Miteitei Oktoba 1991 yalienea kwenye mpaka wa Wakalenjin na Waluo, kati ya milima ya chai na mashamba ya miwa ya Muhoroni.

Tuseme mtunzi awaweke hapo wavulana wawili, Mkipsigis na Mluo, mwaka 1992. Wazee wanaweza kuketi na kuyapatanisha makabila. Je, nani atakayeketi kwa ajili ya hao wawili? Sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni ingali dhidi yao. Mahakama Kuu ilikataa kuibatilisha tarehe 24 Mei 2019.

Kwa hiyo, katika utanzu huu vita si pambo la mandhari. Ni kipimo: vikiisha, msomaji hutambua ni nani waliorejeshewa maisha yao, na ni nani walioachwa waendelee kujificha.