Mvua Iombwe Lini? Swali la Msafiri wa Kiyahudi

Mara tatu kwa siku Myahudi anayeshika dini husimama kusali Amida, uso ukielekea Yerusalemu. Siku za kazi sala hiyo ina baraka 19, na ya 9 inahusu mazao ya mwaka. Msimu wa baridi huongezwa humo ombi la umande na mvua. Ni maneno machache, lakini ni ya lazima: anayeyasahau mpaka akamaliza sala huirudia yote.

Kazi iko kwenye tarehe. Ndani ya Israeli ombi huanza usiku wa kuamkia tarehe 7 ya mwezi wa Kiyahudi wa Heshvan. Kwingineko huanza jioni ya 4 Desemba, au 5 Desemba kama Februari inayofuata ni ya siku 29. Mwaka 2024 Israeli ilianza jioni ya 7 Novemba. Walio nje wakangoja karibu wiki nne. Anayeruka kutoka Tel Aviv kwenda London katikati ya wiki hizo anawakuta wenzake sinagogini hawajaanza kuomba anachoomba yeye.

Na tarehe ya Israeli yenyewe iliwekwa kwa ajili ya wasafiri! Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa mwanzoni mwa karne ya 3, ina kauli ya Rabani Gamalieli: watu wangoje siku 15 baada ya Sikukuu ya Vibanda, ili hata hujaji wa mwisho anayerudi kwao kutoka Yerusalemu awe amefika mto Frati. Ardhi imekauka, mkulima anakodolea macho mawingu, na bado anaambiwa avumilie ili mwenzake wa Babeli asinyeshewe njiani, punda wake asikwame kwenye tope. Sijui sheria nyingi za ibada zenye utu kama huu.

Babeli, nchi ya mito na mifereji, haikuwa na haraka. Talmudi, kitabu kinachofafanua Mishna, iliipa siku 60 tangu mwanzo wa vuli, kwa hesabu ya kale ya mwaka wa siku 365 na robo. Hesabu hiyo haiendi sawa na kalenda yetu: karne ya 19 ombi lilianza 3 Desemba, na baada ya 2100 litasogea tena kwa siku moja. Ratiba ya Babeli ndiyo iliyorithiwa ughaibuni kote, hata kusikostahili. Rabi Asher ben Yehiel, aliyefariki Hispania mwaka 1327, alitaka kila nchi iombe kwa mahitaji yake, hakufuatwa. Kwa ratiba hiyo, Nairobi ombi hukoma wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, masika ndiyo kwanza yanashika kasi.

Msafiri wetu afanyeje basi? Rabi Hizkia da Silva wa Yerusalemu, karne ya 17, alitazama nia: anayekusudia kurudi Israeli ndani ya mwaka huendelea na ratiba ya kwao. Karne iliyofuata Rabi Hayim Yosef David Azulai akapinga, afuate mahali alipo. Wapo wanaomwelekeza kwenye baraka ya 16, inayopokea haja ya aina yoyote. Humo huomba mvua bila kugombana na upande wowote. Ila akipewa kusalisha, Amida anayoirudia kwa sauti baada ya ile ya kimya hufuata ratiba ya wenyeji. Hapo mtu yuleyule huomba mvua kimyakimya, na dakika chache baadaye huliruka ombi hilo mbele ya watu.