Je, Wajua? Friji ya Mashua Huanzia Ukutani

Makontena ya baridi yanayopita kituo cha Kipevu, Changamwe, kilichoanza kazi 2016, yana kuta zilizojazwa povu gumu la poliyurethani. Povu hilo hilo ndilo hugeuza sanduku la barafu la mashua kuwa friji, na fundi mzuri hulishughulikia kabla hajagusa kompresa.

Chukua sanduku lenye kuta za jumla ya mita 2 za mraba, nje nyuzijoto 30, ndani 0. Kwa povu la sentimita 5, joto linalopenya huyeyusha karibu kilo 8 za barafu kwa siku. Kwa sentimita 10, ni kilo 4 tu. Kompresa ya volti 12 nayo hupunguziwa kazi kwa kiasi hicho hicho, na betri hudumu.

Adui mkubwa huku Pwani ni unyevu. Mvuke hupenya povu kutoka nje, hukutana na baridi, hugeuka maji. Na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ndiyo maana karatasi ya nailoni ya kuzuia mvuke huwekwa upande wa nje, wenye joto, na viungo vyote vikazibwa kwa utepe. Ikiwekwa ndani, unyevu hufungiwa humo humo kwenye povu na kazi yote huharibika.

Lile tundu la kutolea maji ya barafu nalo lizibwe. Hewa baridi ni nzito, huvujia hapo usiku kucha. Mfuniko nao ubaki upande wa juu wa sanduku, si ubavuni: ukiuinua, baridi nyingi hubaki sandukuni.